Kuli Aliyebaki Jina

Kuli wa bandarini, kwa Kiingereza cha Uingereza, huitwa docker. Ni jina la ajabu kuipa programu ya makontena, maana kontena ndilo lililomwachisha kuli kazi.

Tarehe 26 Aprili 1956, meli Ideal X iling'oa nanga Newark, Marekani, kuelekea Houston ikiwa na makontena 58. Mwenye wazo, Malcom McLean, hakuwa baharia. Alikuwa mtu wa malori. Kabla ya hapo kila gunia na kila pipa lilipita mikononi mwa watu. Kupakia tani moja kwa njia hiyo kuligharimu dola 5.86. Kwa kontena, senti kama 16 tu.

Na mikono hiyo ilikuwa na nguvu. Januari 1947, makuli wa Mombasa walipogoma pamoja na maelfu ya wafanyakazi wengine, mji mzima ulisimama. Aliyejua kuupanga mzigo usimwagike huko baharini hakuwa rahisi kubadilishwa. Kontena lilichukua ujuzi huo likaufungia ndani ya sanduku.

Sasa njoo kwenye kompyuta. Tovuti ya kawaida si kitu kimoja. Kuna programu inayojibu wageni, kuna hifadhidata, pengine na Redis ya kukumbuka mambo ya haraka haraka. Kila moja ina toleo lake na masharti yake. Zamani mpangilio wote ulikaa kichwani mwa fundi mmoja. Akienda likizo, mmekwisha. Ukimuuliza mbona huku inagoma, jibu ni lile lile: "Kwangu inafanya kazi."

Kutenga programu kwenye chumba chake si jambo jipya. Unix ilikuwa na chroot tangu 1979, FreeBSD ikaleta jela zake mwaka 2000. Ila vilikuwa vitu vya wataalamu. Machi 2013, Solomon Hykes alipanda jukwaani Santa Clara, California, akaionyesha Docker kwa dakika tano hivi, na mambo hayakuwa yale tena. Bado kulikuwa na kero: kontena moja ni rahisi, matatu yanayotegemeana ni kizaazaa. Timu ndogo ya London ikatengeneza Fig. Docker ikainunua 2014, ikawa Compose.

Hapa ndipo utamu ulipo. Unaandika faili moja: huduma ya web, ya db, ya redis. Unapiga docker compose up, zote zinaamka. Jina la huduma ndilo anwani yake, kwa hiyo web ikitaka data inaita "db", basi. Data yenyewe iweke kwenye volyumu, nje ya kontena, la sivyo kontena likifutwa inaenda nalo. Na usidanganyike na depends_on: kwa kawaida inapanga nani aanze kwanza, lakini kuamka si kuwa tayari. Hifadhidata bado inapiga miayo, web imeshabisha hodi na kuanguka. Ndiyo maana watu huongeza healthcheck.

Faili hiyo ndiyo kichwa cha yule fundi, kimeandikwa. Kijana aliyeajiriwa Jumatatu anaweza kuiwasha tovuti nzima kabla ya chai ya saa nne. Kwangu hiyo ni haki, ingawa fundi amepoteza kilichomfanya asifukuzike, kama kuli.

Linalobaki ni sanduku ni la nani. Miaka ya 1960 kampuni ya McLean iliachilia hataza za pembe za kontena, ndipo dunia ikakubaliana vipimo. Docker nayo, mwaka 2015, ilijiunga na wenzake kuweka viwango vya wazi. Miaka sita baadaye ikaanza kuzitoza kampuni kubwa kwa Docker Desktop: zenye wafanyakazi zaidi ya 250, au mapato yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka. Wakati huo viwango vilishatoka mkononi mwake. Kifurushi kilichojengwa kwa Docker hufunguka kwa Podman, na hakuna wa kuombwa ruhusa.