Sindano, Chuma cha Moto na Printa Yako

Juzi nilipeleka katriji ya printa yangu ijazwe wino. Fundi akachukua sindano, akatia wino, akapangusa, akanirudishia. Kufika nyumbani, haikuchapa hata nukta. Kosa lilikuwa langu, na ili mnielewe yabidi turudi hadi mwaka wa 1977.

Mwaka huo kule Japani, katika maabara ya Canon alikofanya kazi mhandisi Ichiro Endo, chuma cha moto cha kulehemu kiligusa kwa bahati mbaya sindano yenye wino. Wino ukaruka! Endo akang'amua kuwa joto pekee laweza kurusha wino, bila pampu. Muda si mrefu, John Vaught wa Hewlett-Packard nchini Marekani akafikia wazo hilo hilo.

Lakini utatengenezaje sindano nyembamba kuliko unywele, tena nyingi? Jibu lilitoka kwa watengenezaji wa chipu za tarakilishi, ambao tayari walijua kuchora vitu vidogo mno kwa mwanga na kemikali. Mwaka wa 1984 HP ikatoa ThinkJet kwa dola 495. Katriji yake ilikuwa na matundu 12, kila tundu na kipasha joto chake. DeskJet ya 1988 ilikuwa na matundu 50. Siku hizi ni mamia, hata maelfu.

Ukibofya "print", umeme hupita katika kipasha joto kwa muda mfupi sana. Wino unaokigusa huchemka ghafla, povu la mvuke hutokea na kusukuma tone nje. Povu likizimika, wino mwingine huingia. Mchezo huu hurudiwa maelfu ya mara kwa sekunde. Vichwa vingi pia vina kihisi cha joto, kwani wino ukipata moto huwa mwepesi na matone hunenepa. Printa hupima na kujirekebisha.

Sasa kosa langu: maandishi yalififia, nami nikaendelea kuchapa. Wino ndio hupoza vile vipasha joto. Ulipokwisha, vikaungua.

Basi ukiona maandishi yanafifia, simama hapo hapo, kisha ukajaze. Teknolojia hii ilianza na sindano, lakini kichwa kikishaungua, hakuna sindano ya kukifufua.