Kupunguza mifupa ya mashavu: yanayofanyika na ya kuuliza kabla

Binti wa ndugu yangu, wa hapa Kibokoni, alinionyesha picha mbili kwenye simu: uso mpana, kisha uso uleule umekuwa mwembamba. "Ami, hii ni dawa ya kupaka?"

La. Hapo umekatwa mfupa.

Upasuaji huu umeenea zaidi Korea Kusini, hasa kwenye kliniki za Gangnam jijini Seoul, ambako uso mwembamba wenye kidevu kilichochongoka ndio unaosifiwa. Mtu hulazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari hupasua ndani ya mdomo, juu ya ufizi wa meno ya juu, na mara nyingi hufungua mahali padogo pengine karibu na sikio. Mfupa wa shavu hukatwa mbele na nyuma, kipande huondolewa, uliobaki husukumwa ndani na kufungwa kwa vibati na skrubu za titani. Kovu la nje halionekani sana, ndiyo maana picha za mtandaoni huonekana kama miujiza.

Zisizoonyeshwa ni wiki za uvimbe na uji. Umbo lenyewe huchukua miezi kutulia. Nyama ya shavu iliyokuwa imeshikwa na mfupa mpana inaweza kulegea, mtu akatoka anaonekana mzee kuliko alivyoingia. Mshipa wa fahamu unaopita chini ya jicho ukiumizwa, shavu na mdomo wa juu hufa ganzi, pengine kwa muda, pengine daima. Mfupa nao unaweza kukataa kuunga, kwani msuli wa kutafunia umeshikamana nao na huuvuta kila ukila. Pande mbili zinaweza zisilingane. Na kipande kilichotolewa hakirudishwi.

Mfupa huohuo hapa kwetu madaktari wanaujua kwa sababu nyingine: ajali za bodaboda. Ukivunjika, shavu hudidimia, mdomo hukataa kufunguka vizuri, na wengine huona vitu viwiliviwili. Vibati ni vilevile, lakini huyo anarudishiwa uso wake.

Tofauti hiyo ndiyo wanazuoni waliyoishika. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la OIC, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kwa masharti upasuaji wa kurekebisha kasoro na majeraha, likakataza ule wa kubadili umbo la kawaida kwa kufuata matamanio. Swahaba Arfaja, aliyepoteza pua vitani, alielekezwa na Mtume (SAW) atumie pua ya dhahabu. Binti yetu hana jeraha. Ana mashavu ya nyanyake.

Mimi sioni sababu. Lakini anayekwenda asiende kipofu. Atazame jina la daktari na la kituo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC. Aulize kama daktari amesomea upasuaji wa uso, ameufanya mara ngapi, na nani atasimamia usingizi. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo wa kuondoa mafuta, na KMPDC ikaifunga kliniki. Anayesafiri nje aulize pia nani atamtazama akirudi Mombasa na usaha mdomoni wiki ya tatu.

Nilipomaliza kumweleza, binti alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama uji wenyewe unaruhusiwa kutiwa sukari.