Jani la mdalasini na dawa yake

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi humwaga mvua nyingi upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Huko ndiko Kinole, makao ya akina Kingalu, machifu wa Waluguru waliosifika kwa kuomba mvua. Leo mvua hiyo inastawisha karafuu, pilipili manga na mdalasini. Msimu wa mvua gome la mdalasini hulegea. Wakulima hulimenya, hulianika na kulishusha Morogoro mjini. Majani mengi hubaki shambani.

Gome ndilo lililotajirisha na kugombanisha watu. Herodoto, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba ndege wakubwa wa Arabuni hujenga viota kwa vijiti vya mdalasini. Wareno walifika Sri Lanka, nchi ya mdalasini, mwaka 1505, na Waholanzi wakawanyang'anya Colombo mwaka 1656. Mwaka 1834 wanakemia wa Ufaransa, Dumas na Péligot, wakatenga sinamaldehidi, mafuta yanayolipa gome harufu yake.

Jani lina dawa nyingine kabisa. Mafuta yake mengi ni yujenoli, ileile ya karafuu, na mzizi wa mti huohuo una kafuri. Chini ya hadubini, katikati ya seli za kijani, zinaonekana seli za mviringo zilizotawanyika, kila moja ikibeba tone la mafuta. Ukuta wake una suberini, ileile inayozuia kizibo cha koki kupitisha maji, hivyo mafuta hayavuji kuunguza seli jirani. Mparachichi, ndugu wa mdalasini, nao huhifadhi mafuta katika seli za namna hii. Mkarafuu, ndugu wa mpera, huyaweka katika vifuko vinavyozungukwa na seli nyingi. Miti miwili ya shamba moja, dawa moja, maghala mawili tofauti. Kwangu hilo ni ajabu kubwa kuliko ndege wa Herodoto.

Yujenoli hutia ganzi na kuua vijidudu. Madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Lakini mafuta yenyewe, yasipochanganywa, huunguza fizi, na si ya kunywa.

Shelisheli walianza kukamua mafuta ya majani kwa mvuke mapema karne ya 20. Kinole ina majani na maji ya kutosha kufanya hivyo. Shida ni kuni za kuchemshia maji, kwa kuwa msitu ulio juu ya vijiji haufai kukatwa: hulisha Mto Ruvu, unaonywewa Dar es Salaam. Mtambo ukijengwa, uwashwe kwa fito za mdalasini zilizokwisha kumenywa.