Pakiti Iliyoingia Mfukoni

(Muziki. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Wazazi wengi wanasema: "Zamani watoto hawakunywa hivi." Leo tuulize, ni nini kilibadilika?

Zamani hapa Ankole, tonto, yaani pombe ya ndizi, ilinywewa pamoja na wakubwa. Ilikaa kwenye chombo kikubwa, na kila mtu alimwona anayekunywa. Ile kali, ambayo wengi wetu tunaiita kanyanga, Uganda inaitwa enguli. Mwaka 1965 serikali ilitunga sheria: anayeipika awe na leseni, na aiuze kiwandani. Ndipo ikatoka Uganda Waragi ya chupa. Sheria ile ilimtazama mpishi. Mtoto hakutazamwa.

Halafu yakaja mambo mawili. La kwanza ni matangazo. Mwaka 1993 redio za FM za watu binafsi zilianza Uganda, na sifa za pombe zikaingia nyumbani wakati mzazi yuko shambani. Sisi wa redio tukubali sehemu yetu. Leo simu na vibanda vya video vinaendeleza kazi hiyo.

La pili ni pakiti ya plastiki. Waragi ya mililita 100 iliingia mfuko wa sare ya shule, kwa bei ya sarafu chache. Kilichokuwa kinaonekana kikafichika.

Tanzania ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017. Uganda ilifuata mwaka 2019: pakiti ziishe, na chombo kisipungue mililita 200. Lakini vijana wanaweza kuchanga pesa, na kanyanga bado inapimwa kwa kikombe.

Mzazi, hatukulaumu. Ukiwa kwenye foleni ya chakula huwezi kuwa pia nyumbani. Ila sheria inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na muuzaji wa mtaani kwako anamjua mwanao. Mwende mkiwa majirani kadhaa, mwongee naye kwa heshima. Na mtoto akirudi amekunywa, fimbo isitangulie. Asubuhi, mkiwa wawili, muulize: "Mwanangu, ulikuwa na nani? Unakimbia nini?" Kisha nyamaza, msikilize.

(Muziki.)

MASWALI YA KIKUNDI
1. Mtaani kwetu, pombe inamfikiaje mtoto?
2. Mzazi asipokuwepo, nani anamwangalia?
3. Vijana: mngependa wazazi wawaulize nini?