Kulika

Kitenzi "kula" kina wana wawili ambao aghalabu huchanganywa: kuliwa, ambako mlaji yupo na aweza kushtakiwa, na kulika, ambako kitu hupungua chembe kwa chembe pasi na mlaji kutajwa, kama kisu cha kupaa samaki ambacho kwa kunolewa kila asubuhi bapa lake huwa jembamba mithili ya ukuti.

Huko Tongoni, kusini ya Tanga, mahali ambapo hata jina lake lanasibishwa na tongo, yaani mahame, nguzo za makaburi zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa zimelika kwa karne nyingi za upepo wa chumvi, na nyingi zimekwisha anguka.

Lakini Maziwe, mkabala wa Pangani, kisiwa cha mivinje walikotaga kasa, kiliwekwa hifadhini mwaka 1975. Miti ilikuwa imekatwa, mawimbi yakauchukua mchanga usio na mizizi, hata leo ni fungu tu lizamalo maji yajaapo, na mayai ya kasa huhamishiwa Ushongo. Husemwa kuwa kisiwa kimelika. Nami, nikiyakumbuka mashoka, nasita baina ya vitenzi viwili.