Kelele za Kiwandani

Nilipomwambia mzee wangu nampeleka Mikocheni kuangalia sanaa, alinijibu kwa sauti yake ya juu mpaka jirani akachungulia dirishani: "Sanaa gani hiyo ya kupandiwa gari mbili?" Sauti iko juu kwa sababu masikio yake hayasikii vizuri. Aliyaacha kwenye kiwanda kimoja cha nguo, jina nalihifadhi, alikofanya kazi ya zamu miaka kumi na tisa bila kupewa hata pamba ya kuzibia masikio, na pamba yenyewe ilikuwa imejaa humo ndani mpaka puani.

Basi tukatoka Temeke asubuhi, tukafika.

Nafasi Art Space ilianza mwaka 2008. Iko katika eneo la viwanda vidogo la Mikocheni, Kinondoni. Wasanii wana karakana zao ndani ya makontena ya meli, na maonyesho huwekwa kwenye ghala. Wapo wanaoona ajabu, sanaa na maghala wapi na wapi? Lakini jijini hapa hao ni ndugu wa siku nyingi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968, alitumia vipande vya silingibodi na rangi za kupakia baiskeli, yaani mali ya viwandani. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake ukabaki na jina lake.

Mwaka huohuo wa 1968 ndipo Mwalimu Nyerere alipofungua kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina. Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja tu. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi: nchi inayolima pamba ivae nguo zake yenyewe. Urafiki kikatoa khanga na vitenge, na mwaka 1970 kikazaa na bendi, Urafiki Jazz, ya Juma Mrisho aliyejulikana kama Ngulimba wa Ngulimba. Hebu fikiria, msomaji: kiwanda kinafuma khanga, na bendi yake inaitangaza kwa magitaa! Riwaya hiyo hapo, imelala barabarani, na sisi vijana tunaandika mapenzi ya Masaki ambako hatujawahi kulala hata usiku mmoja.

Miaka ya themanini viwanda vya umma vikakosa fedha za kigeni na vipuri, mitumba ikaingia, halafu ukaja ubinafsishaji. Urafiki kikageuzwa kuwa kampuni ya ubia mwaka 1997, Wachina wakiwa na asilimia 51.

Sasa turudi ghalani. Kazi niliyompeleka mzee kuiona haikutundikwa ukutani, ilichukua chumba kizima. Nyuzi nyekundu zilitandwa kutoka kwenye boriti mpaka sakafuni, unapita katikati umeinama. Pembeni palikuwa na spika kubwa ikitoa mlio wa mashine. Nikamsomea mzee maelezo ya ukutani kwa kupiga kelele, watu wakatugeukia: mlio ule, yaliandika maelezo, ni wa mashine za kufuma.

Mzee hakuusikia. Akaweka kiganja juu ya spika, akatulia kitambo.

"Hii siyo ya kufuma," akasema. "Hii ya kusokota. Ya kufuma inapiga, hii inavuma."

Msanii, binti wa umri wangu, akaja mbio. Nilidhani ataudhika, kumbe akamwomba arudie. Mzee akarudia, kisha akaushika uzi mmoja na kumwambia umelegea, uzi wa hivyo ungekatika kabla hujafika mkononi. Wakasimama pale karibu saa nzima, yeye akifoka kwa furaha, binti akiandika.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi, nimenywea. Nina muswada wa kurasa 112 kuhusu mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Ukurasa wa tatu nimeandika kwamba mashine za kufuma "zilivuma kama nyuki". Mtu anayejua analala chumba cha pili, na sijawahi kumwuliza.

Usiku ule baada ya chakula nikachukua daftari, nikamsogelea sikio la kushoto, ndilo lenye nafuu.

"Zamu ya usiku mlikuwa mnaingia saa ngapi?"

"Saa nne," akajibu. "Lakini getini ufike saa tatu na nusu. Andika."