Wapemba wa Kenya na Rufaa ya Uraia

Wavuvi wa kisiwa cha Pemba, Zanzibar, wamevuka bahari kwa vizazi, wakifuata pepo za kaskazi na kusi na kupiga dago, yaani kambi za muda za uvuvi, katika pwani ambayo leo ni Kwale na Kilifi. Wengine walilowea na kuoa huko. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yakaongeza wahamaji.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Wapemba waliokuwa huko hawakuhesabiwa kuwa raia. Bila kitambulisho, mvuvi hakuweza kupata leseni kwa jina lake wala kusajili laini ya simu. Chombo alichokinunua kwa jasho lake kiliandikwa jina la rafiki Mkenya. Hiyo ilikuwa dhuluma, hasa kwa watoto waliozaliwa Kenya na wasioijua nchi nyingine.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwafungulia njia watu wasio na utaifa waliokuwa wakiishi Kenya tangu uhuru. Pia inamruhusu aliyeumizwa na uamuzi wa ofisa kuomba Mahakama Kuu iupitie. Lakini kesi humhusu mtu mmoja mmoja, na ni ghali kwa mvuvi. Wamakonde, jamii nyingine iliyokosa uraia, walikwishaonyesha mwaka 2016, kwa matembezi yao hadi Nairobi, kwamba jamii nzima yaweza kudai kwa pamoja. Wapemba nao wakapeleka malalamiko Seneti.

Mwaka 2023 serikali iliwatambua kuwa mojawapo ya makabila ya Kenya. Tarehe 28 Julai, mjini Kilifi, Rais William Ruto aliwakabidhi vitambulisho.